Kenya: Vyeti vinakaguliwa, ujuzi nani anaupima?

Mwezi Februari mwaka 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya iliweka hadharani matokeo ya ukaguzi wa vyeti vya watumishi walioajiriwa katika muongo uliotangulia. Vyeti 2,067 vilibainika kuwa vya kughushi. Mkuu wa Utumishi wa Umma nchini humo, Felix Koskei, akaelekeza kwamba wahusika waondolewe kazini na warejeshe mishahara waliyokwishalipwa, huku Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ikitakiwa kuwafuatilia mmoja baada ya mwingine.

Kwa Mtanzania, habari hiyo ilikuwa na sura anayoifahamu. Aprili 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, na ikawalazimu kusubiri hadi mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, serikali ilipoamua kuwarejeshea michango yao ya hifadhi ya jamii.

Nchi hizo mbili zilifanya kazi kubwa na ya lazima. Hata hivyo, uhakiki wa aina hiyo hujibu swali moja tu: je, karatasi hii ilitolewa na mamlaka inayoonekana imeitoa? Haumuulizi mwenye karatasi kama anaweza kurejesha kanzidata iliyoharibika usiku wa mwisho wa mwezi, au kusoma msimbo ulioandikwa na mtu mwingine na kuukuta ufa ulipo. Swali hilo la pili ndilo linalowasumbua waajiri wa Nairobi wanaotafuta wataalamu wa TEHAMA, na kwa kuwa soko la kazi hiyo halina mipaka migumu, linawasumbua pia waajiri wa Dar es Salaam, Kampala na Kigali.

Udanganyifu usio na muhuri

Anayeghushi cheti huvunja sheria, na ushahidi wa kosa lake unakaa katika faili. Anayetia chumvi ujuzi wake hana muhuri alioghushi. Shahada yake ni halali, chuo chake kinajulikana, na tarehe zake zinaoana. Kilichopotoka ni vitenzi. Mradi alioshiriki akiwa mmoja wa watu 9 unageuka kuwa mradi "aliouongoza". Lugha ya programu aliyoisoma kwa wiki 3 katika kozi ya mtandaoni inapewa nyota 4 kati ya 5. Seva ambayo alikuwa akiiwasha upya kila inapogoma inakuwa "miundombinu aliyoisimamia", na miezi 8 ya mafunzo kazini inajumlishwa na miaka 2 ya chuo ili kupata "uzoefu wa karibu miaka 3".

Hakuna hata moja kati ya kauli hizo ambayo mwendesha mashtaka angeweza kuipeleka mahakamani na kutarajia kushinda. Neno "mzoefu" halina kipimo kisheria. Nyota 4 hazijulikani zinahesabiwa kwa kulinganishwa na nani. Ndiyo maana mbinu hii imeenea zaidi ya kughushi: hatari yake ni ndogo na faida yake huonekana mapema.

Ni haki pia kusema kwamba si kila anayetia chumvi anadanganya kwa makusudi. Katika kazi za kiufundi, anayeanza haoni mwisho wa njia. Kijana aliyetengeneza tovuti 2 za duka huamini kwa moyo mweupe kwamba anajua kutengeneza tovuti za biashara, kwa sababu hajawahi kukutana na siku ambayo wateja 5,000 wanalipa kwa wakati mmoja na malipo 40 yanapotelea njiani. Mtu aliyepitia siku kama hiyo hujipa nyota 3, naye huonekana dhaifu kuliko kijana katika karatasi zinazowekwa mezani pamoja. Msimamizi wa usaili asiye fundi, ambaye katika kampuni nyingi ndiye anayefanya mchujo wa kwanza, atamwita aliyejipa nyota 4.

Soko lilivyofundisha watu kujipandisha

Chanzo cha hali hii hakiwezi kuelezwa kwa tabia za vijana peke yake. Soko lenyewe limewafundisha, na mfano ulio wazi zaidi ni wa kampuni ya Andela.

Andela ilianzishwa Lagos mwaka 2014 na mwaka uliofuata ikafika Nairobi, baadaye ikafungua kituo Kampala. Wazo lake lilikuwa la kuvutia: kuwachuja vijana wachache kutoka miongoni mwa maelfu ya waombaji, kuwalipa huku wakifundishwa, kisha kuwaunganisha na kampuni za Marekani na kwingineko zinazohitaji watengenezaji wa programu. Kwa muda, kupokelewa Andela kulikuwa sifa inayotosha yenyewe katika wasifu. Lakini Septemba 2019 kampuni hiyo ilitangaza kuwaachisha kazi watengenezaji wa programu wa ngazi ya chini wapatao 250 nchini Nigeria na Uganda, na kueleza kwamba wengine 170 nchini Kenya wangeweza kuguswa. Sababu iliyotolewa haikuwa uvivu wala ukosefu wa akili. Wateja walitaka wataalamu waandamizi, na soko la chipukizi lilikuwa limejaa.

Ujumbe huo ulisikika mbali kuliko kuta za kampuni moja. Kijana yeyote wa Nairobi aliyeufuatilia alijifunza kwamba neno "chipukizi" katika wasifu ni mzigo na neno "mwandamizi" ni ufunguo. Kutoka hapo vyeo vilianza kupanda kwa kasi isiyolingana na miaka ya kazi. Leo si jambo la kushangaza kukuta mtu wa miaka 24 anayejiita mhandisi mwandamizi wa programu, na wakati mwingine ni mwajiri wake mdogo aliyempa cheo hicho badala ya nyongeza ya mshahara. Cheo hakimgharimu mwajiri chochote, hadi siku mwajiri mwingine atakapokiamini.

Ujio wa kampuni kubwa za nje uliongeza joto. Microsoft ilizindua kituo chake cha uendelezaji wa teknolojia Nairobi na Lagos mwaka 2019, na mwaka 2022 Google ikatangaza kwamba Nairobi ndiyo itakayokuwa na kituo chake cha kwanza barani Afrika cha kutengeneza bidhaa. Kampuni hizo zina mashine nzito za usaili na huchukua wachache. Waliobaki waligombewa na benki, kampuni changa, mashirika yasiyo ya kiserikali na serikali za kaunti, ambazo hazina wasaili wa kiwango hicho na hutegemea karatasi.

Matangazo ya kazi yenyewe yanastahili lawama ambayo ni nadra kuyafikia. Julai 2020, mtengenezaji wa programu kutoka Colombia, Sebastián Ramírez, alieleza mtandaoni jinsi alivyokutana na tangazo la kazi lililotaka uzoefu wa miaka 4 au zaidi katika FastAPI, zana ya kujengea huduma za mtandaoni. Yeye mwenyewe asingeweza kuomba kazi hiyo. FastAPI aliitengeneza yeye, na ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Kisa hicho kiliwachekesha wengi, lakini kina upande usiochekesha: tangazo la namna hiyo humwondoa kila msema kweli duniani na kuwabakiza waongo peke yao.

Matangazo yanayofanana na hilo yanaonekana kila wiki katika tovuti za ajira za Afrika Mashariki. Taasisi inatafuta ofisa mmoja wa TEHAMA ambaye atasimamia mtandao wa ndani, atengeneze programu ya simu, alinde mifumo dhidi ya wahalifu, aendeshe mitandao ya kijamii na kutengeneza printa. Mtu huyo hayupo. Atakayepata kazi ni yule aliyekuwa tayari kuandika kwamba yupo. Na pale ambapo maombi yanachujwa na programu ya kompyuta inayotafuta maneno fulani, mwombaji hujifunza upesi kuyapanda maneno hayo yote katika wasifu wake, kama mkulima anayepanda mbegu kila shimo akijua kuwa nyingine hazitaota.

Gharama hulipwa na nani

Katika timu ndogo, mtu asiyeweza kazi aliyoajiriwa kuifanya hagunduliki siku ya kwanza. Wiki za mwanzo ni za kuzoea. Mwezi wa pili anaomba msaada, na mwenzake mwenye subira anamwandikia sehemu ngumu. Mwezi wa tatu mwenzake huyo anafanya kazi za watu 2 na hakuna anayejua. Mara nyingi anayeondoka kwanza ni huyu wa pili, yule anayeweza, na hapo ndipo uongozi unapogundua kilichokuwa kikiendelea.

Sheria inampa mwajiri dirisha dogo. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, kinachoweza kurefushwa kwa ridhaa ya mwajiriwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga dhidi ya uachishwaji usio wa haki mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Miezi hiyo ingetosha kumpima fundi yeyote, kama ingetumika kupima. Katika ofisi nyingi hupita kwa ukimya, fomu ya kuthibitishwa kazini husainiwa kwa sababu tarehe imefika, na baada ya hapo mjadala wa uwezo unageuka kuwa mjadala wa nidhamu na wanasheria.

Mahali ambapo gharama ya kuamini wasifu ilionekana kwa kiwango cha kitaifa ni kusini zaidi. Daniel Mthimkhulu alikuwa mkuu wa uhandisi katika shirika la reli za abiria la Afrika Kusini, Prasa. Alidai kuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo kutoka Chuo Kikuu cha Witwatersrand na shahada ya uzamivu kutoka Ujerumani. Elimu yake ya juu kabisa ilikuwa cheti cha kumaliza sekondari. Alipotaka kuongezwa mshahara, aliwasilisha barua ya kuajiriwa na kampuni ya Ujerumani, nayo ikawa ya kughushi. Shirika liliamini na kumpandishia ili asiondoke. Akiwa na cheo hicho, alikuwa mtetezi wa ununuzi wa vichwa 70 vya treni kutoka Hispania, mkataba wa takriban randi bilioni 3.5 ambao mahakama iliubatilisha mwaka 2017, baada ya kuzuka malalamiko kwamba vichwa hivyo ni virefu kwenda juu kuliko miundombinu ya reli ya nchi hiyo inavyoruhusu. Mwaka 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa udanganyifu wa sifa zake.

Kesi hiyo ilikuwa ya vyeti, na kwa maana hiyo ni nyepesi kuielewa. Jambo linalopaswa kuwanyima usingizi waajiri ni jingine: kwa miaka kadhaa mtu huyo aliketi katika vikao vya wahandisi, akasaini nyaraka za kiufundi, akapandishwa cheo, na kazi yake ya kila siku haikutosha kumfichua. Kama hakuna aliyeipima kazi ya mtu mwenye cheti bandia, ni nani aliyekuwa akiipima kazi ya wenye vyeti halali?

Fundi umeme hupimwa, mtengeneza programu huulizwa

Ajabu ni kwamba Afrika Mashariki ina desturi ya zamani ya kupima ujuzi kwa mikono. Nchini Kenya, fundi umeme, fundi magari au mwashi asiye na elimu ndefu anaweza kwenda kufanya jaribio la ufundi linalosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Anapewa kazi, anaifanya mbele ya msimamizi, na anapata daraja la tatu, la pili au la kwanza. Nchini Tanzania, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia gereji na vibandani, nao pia hupimwa kwa vitendo. Hata katika ajira za serikali ya Tanzania, Sekretarieti ya Ajira hutofautisha usaili wa mchujo, usaili wa vitendo na usaili wa mahojiano, na kwa kada kama za udereva hakuna anayeona ajabu mwombaji kukabidhiwa usukani.

Kwa kazi za kompyuta desturi hiyo hukatika ghafla. Mwombaji wa kazi ya kusimamia mfumo wa malipo wa taasisi nzima huketi mbele ya jopo la watu 5, anaulizwa ajieleze, anaulizwa udhaifu wake mkubwa ni upi, na anaondoka bila kugusa kibodi. Dereva wa gari la taasisi hiyohiyo amepimwa vikali zaidi yake.

Watengenezaji wa programu wenyewe wamekuwa wakijadili upungufu huu kwa muda mrefu. Mwaka 2007 lilisambaa miongoni mwao jaribio dogo liitwalo FizzBuzz. Mwombaji anatakiwa kuandika programu inayohesabu kutoka 1 hadi 100. Kila namba inayogawanyika kwa 3 ibadilishwe kuwa neno moja, inayogawanyika kwa 5 iwe neno jingine, na inayogawanyika kwa zote mbili iwe maneno yote mawili. Mtu anayeiweza kazi hiyo kwa siku zote huimaliza kwa dakika chache. Wasaili walidai kwamba idadi ya kutisha ya wenye shahada za kompyuta ilikwama hapo. Jaribio hilo sasa linajulikana mno kiasi kwamba majibu yake hukaririwa, lakini funzo lake la msingi halijachakaa: dakika 10 za kufanya hueleza mengi kuliko saa nzima ya kusimulia.

Kupima nako kunaweza kwenda mrama. Mwaka 2015 Max Howell, mwanzilishi wa Homebrew, zana inayotumiwa na watengenezaji wengi wa programu wenye kompyuta za Mac, alieleza kwamba Google ilimkataa kwa sababu hakuweza kutatua ubaoni fumbo la kugeuza mpangilio wa data uitwao mti. Wahandisi wengi wa kampuni hiyo, kwa maelezo yake, walikuwa wakiitumia zana yake. Mafumbo ya ubaoni humpima mtu kwa kitu ambacho huenda asikifanye tena maishani. Humpendelea pia aliyetoka chuoni juzi dhidi ya mama wa watoto 2 ambaye kwa miaka 7 amekuwa akiendesha mifumo ya hospitali bila kuzima.

Utafiti wa saikolojia ya kazi unaelekea upande huohuo. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya miaka 85 ya tafiti kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Idadi ya miaka ya uzoefu, kipengele kinachotangulia karibu kila tangazo la kazi, ilikuwa miongoni mwa vipimo dhaifu vya kubashiri utendaji, na jaribio la kufanya sampuli ya kazi yenyewe lilikuwa miongoni mwa vilivyo bora. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizikokotoa upya hesabu hizo na kushusha viwango vingi. Usaili wenye maswali yaliyopangwa, ambapo kila mwombaji huulizwa jambo lilelile na kupewa alama kwa kigezo kilekile, ukapanda juu. Uzoefu wa miaka ukazidi kushuka.

Njia ya leseni na mashaka yake

Serikali hupenda kutatua tatizo la namna hii kwa daftari la usajili. Kenya ilijaribu. Mswada wa watendaji wa TEHAMA, ambao ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kurudi kwa sura mpya zaidi ya mara moja, ulikusudia kuanzisha taasisi ya kuwasajili wataalamu na kuwapa leseni. Sekta yenyewe iliupinga kwa nguvu. Wapinzani walisema kwamba watu wengi waliojenga teknolojia ya Nairobi hawakusomea kompyuta chuo kikuu, na kwamba leseni inayoegemea shahada ingewafungia nje wanaoweza na kuwaingiza wenye karatasi. Bunge liliupitisha Juni 2022, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini. Tanzania imekwenda kwa njia ya utaratibu zaidi: Tume ya TEHAMA inawasajili wataalamu bila mabishano makubwa ya aina hiyo, ingawa usajili, kama cheti, husema zaidi juu ya alikopita mtu kuliko juu ya anachoweza.

Mipakani pengo linaonekana vizuri zaidi. Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ianze kutumika Julai 2010, nchi wanachama zimesaini makubaliano ya kutambuana kitaaluma kwa wahasibu na wasanifu majengo mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012, na madaktari wa mifugo mwaka 2016. Mhandisi wa ujenzi aliyesajiliwa Nairobi ana njia rasmi ya kutambuliwa Dar es Salaam, na nyuma yake ipo bodi inayoweza kumfutia usajili. Wataalamu wa TEHAMA hawamo katika orodha hiyo, nao ndio wanaovuka mipaka kwa urahisi kuliko wote, kwani hawahitaji hata kupanda basi. Kampuni ya Dar es Salaam inayomwajiri mtengenezaji wa programu wa Nairobi afanye kazi akiwa kwake huwa na mambo 3 ya kuegemea: wasifu, barua za wadhamini aliowachagua mwombaji mwenyewe, na mazungumzo ya saa moja kwenye kioo cha kompyuta.

Na mazungumzo hayo yamepoteza thamani. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, mwombaji anaweza kuandikiwa wasifu unaolingana neno kwa neno na tangazo, na kupewa majibu ya usaili kwenye dirisha la pili huku macho yake yakionekana kutazama kamera. Jaribio la kupeleka nyumbani, lililoonekana kuwa suluhisho la haki, linafanywa na akili mnemba kwa dakika 2. Baadhi ya waajiri wamerudi kwenye njia ya zamani: kumwita mwombaji ofisini, kumpa msimbo wenye kasoro ya kweli, na kuketi pembeni yake wakimwangalia anavyoutafuta ugonjwa. Wanamruhusu hata kutumia akili mnemba, kwa sababu atakapoajiriwa ataitumia. Wanachoangalia ni kama anatambua pale mashine inapomdanganya. Kwa kampuni ndogo, siku 2 za jaribio la namna hiyo, zenye malipo kwa mwombaji, ni gharama inayouma. Mshahara wa miezi 6 wa mtu asiyefaa ni mkubwa zaidi, ila huo haujitokezi katika bajeti kwa jina lake.

Upande wa pili wa karatasi

Kuna kundi moja nchini Kenya linaloonyesha kwamba wasifu hukosea hata pasipo kutiwa chumvi. Kwa zaidi ya muongo mmoja, maelfu ya vijana waliohitimu vyuo vikuu vya Kenya na kukosa kazi wamekuwa wakiandika insha, ripoti, hata kazi za kompyuta na tasnifu kwa niaba ya wanafunzi wa Marekani, Uingereza na kwingineko, kwa malipo. Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, amewachunguza, na filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars imeifikisha simulizi yao mbele ya watazamaji wa dunia.

Biashara hiyo ni ya udanganyifu na inavidhuru vyuo. Lakini mtazamo wa mwajiri unaiona kwa namna ya kustaajabisha. Huko ng'ambo kuna mtu mwenye shahada halali kabisa, iliyotolewa na chuo halali, ambayo uhakiki wowote utaipitisha, naye hakuifanya kazi iliyoizaa. Huku Nairobi kuna aliyeifanya kazi hiyo usiku kwa usiku, katika masomo ambayo hakuwahi kuyasomea, kwa muda aliowekewa na mteja asiyemjua, akipata alama za juu zinazoandikwa kwa jina la mwingine. Kwa kipimo cha usaili wa vitendo, huyu wa pili angempita wa kwanza asubuhi moja.

Anapoomba kazi, hata hivyo, hawezi kumtaja mteja hata mmoja, wala kuonyesha ukurasa hata mmoja alioandika. Miaka hiyo hubaki pengo katika wasifu wake, au huzibwa kwa maneno mawili: "kazi binafsi". Mwombaji aliye katika rundo lilelile, mwenye nyota 4 alizojipa mwenyewe, ndiye atakayepigiwa simu.